Saa ya Forodhani na Nakala Zake

Asubuhi ya Alkhamisi, tarehe 27 Agosti 1896, Unguja nzima ilikuwa ikitazama saa. Meli tano za kivita za Uingereza zilikuwa zimetia nanga mbele ya Forodhani, na amri ya Admeri Harry Rawson ilikuwa fupi: akrabu ikifika kwenye 9, bendera ya kasri iwe imeteremshwa. Ndani ya kasri alikuwamo Seyyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha usultani siku mbili tu kabla, mara baada ya kufa kwa Seyyid Hamad bin Thuwaini. Yeye na watu wake waliingoja saa hiyohiyo, ila mjini hakuna aliyeiita saa tisa. Iliitwa saa tatu. Akrabu zilikuwa mahali pamoja, wasomaji ndio waliokuwa mbalimbali.

Dakika mbili baada ya muda kwisha mizinga ililia. Haikupita robo tatu ya saa, bendera ikaanguka na vita vikawa vimekwisha. Watu wa upande wa Khalid wapatao 500 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa, na upande wa Waingereza baharia mmoja alijeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akavushwa hadi Dar es Salaam. Jumba la Beit al-Hukm lilivunjika. Beit al-Ajaib, jumba kubwa jirani yake, ilisalimika kwa majeraha machache. Lakini mnara wa taa na saa uliosimama mbele ya majumba hayo uliharibiwa vibaya, ukawa hauna budi kuondolewa.

Vita vile husimuliwa mara nyingi kwa ufupi wake, kuwa ni vita vifupi kuliko vyote duniani. Hapa nataka kuifuata ile saa iliyovunjwa. Ilijengwa upya, ikaanguka tena, na leo inangoja kujengwa mara nyingine. Na safari yake inajibu swali linalowashughulisha wapenzi wa saa kutoka Tokyo hadi Muscat: kitu kilichoundwa upya kwa sura ya zamani ni kitu chenyewe, ni nakala, au ni uongo?

Saa za mashine hazikuingia Unguja na Waingereza. Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, aliyekimbilia Ujerumani na kuitwa Emily Ruete, aliyaeleza majumba ya baba yake katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1886, na katika mapambo ya vyumba vya wakubwa akavitaja vioo na saa za Ulaya. Saa hizo zilikuwa pambo na ishara ya cheo. Wakati wenyewe ulikuwa na vipimo vyake: adhana, kivuli, maji kupwa na kujaa, na jua kuchwa.

Hesabu ya Kiswahili inaanza hapo jua linapokuchwa. Magharibi ikishaingia, siku mpya imeanza, ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwetu ni ule unaofuata mchana wa Alkhamisi. Saa moja ya usiku ni saa ya kwanza ya giza, na saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga. Hesabu hii ingemsumbua mtu wa London, ambako mchana wa kiangazi unauzidi wa kipupwe kwa karibu saa 9. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, na tofauti ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki saa moja. Jua letu ni saa inayokwenda sawa mwaka mzima.

Lugha nayo imehifadhi njia ambazo saa ilipitia kuja kwetu. Saa na dakika ni maneno ya Kiarabu. Akrabu, mshale wa saa, ni jina la nge katika lugha hiyo. Kamani, ule utepe wa chuma uliojikunja tumboni mwa saa na kuisukuma, limevuka bahari kutoka upande wa Uajemi na Bara Hindi. Na tukirekebisha saa twasema tunaitia majira. Majira hayo ndiyo anayoyashika nahodha anapokielekeza chombo. Neno moja limebeba njia ya baharini na wakati wa nchi kavu, na katika mji ulioishi kwa kusi na kaskazi hilo si jambo la kushangaza.

Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeutoa wakati wa mashine ndani ya majumba na kuuweka hadharani. Kabla ya kutawala aliwahi kuishi Bombay akiwa uhamishoni, na mwaka 1875 alizuru Uingereza. Alirudi na hamu ya kujenga. Mwaka 1879 waya wa simu ya baharini kutoka Aden ulifika Unguja, na habari zilizokuwa zikichukua wiki nyingi zikaanza kufika siku hiyohiyo. Mwaka 1883 Beit al-Ajaib ilisimama, yenye nguzo za chuma na baadaye taa za umeme, ikiwa ndefu kuliko jengo lolote mjini. Mbele yake ukawapo ule mnara wa taa na saa. Kule Mkunazini, juu ya uwanja wa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, Askofu Edward Steere alikuwa amejenga kanisa kuu. Inasimuliwa kwamba saa ya mnara wa kanisa hilo ilitolewa na Barghash mwenyewe, kwa sharti kwamba mnara usiipite Beit al-Ajaib kwa urefu.

Barghash alijua pia kuagiza nakala. Dhoruba kubwa ya Aprili 1872 iliziangamiza merikebu zake. Baadaye aliiona meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Glasgow, ikamkaa moyoni, akaagiza ya kwake iundwe Uingereza kwa mfano wa ile. Ilikamilika mwaka 1878, naye akaipa jina lilelile, Glasgow. Basi asubuhi ile ya 1896, meli iliyoifyatulia risasi manowari ya Waingereza kwa niaba ya mwanawe ilikuwa nakala ya meli yao wenyewe. Waliizamisha papo hapo bandarini. Maji hayakuwa na kina cha kuifunika, na milingoti yake ilibaki imechomoza mbele ya mji hadi mwaka 1912 mabaki yalipokatwakatwa na kuondolewa. Kwa miaka 16 kila jahazi lililoingia Unguja liliipita ile milingoti.

Mwaka 1897, mwaka uleule Seyyid Hamoud bin Mohammed alipotia saini amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria, mnara wa saa ulijengwa upya. Safari hii haukusimama peke yake. Uliunganishwa na uso wa Beit al-Ajaib, ukawa kama umekuwapo tangu siku ya kwanza. Vizazi vilivyofuata viliuona mnara na jumba kuwa kitu kimoja, na picha za posta zikausambaza duniani kuwa ndio sura ya Zanzibar. Wachache walikumbuka kwamba kile walichokiita cha kale kilikuwa badala ya cha kale.

Wakati huo saa ilikuwa imeanza kuteremka kutoka minarani na mifukoni hadi kwenye kifundo cha mkono. Vita Kuu ya Kwanza iliwazoesha askari kufunga saa mkononi, maana aliye handakini hana nafasi ya kupekua mfuko. Mwaka 1926 kampuni ya Rolex, iliyoanzishwa London mwaka 1905 na Hans Wilsdorf pamoja na shemeji yake Alfred Davis, ilitoa saa ya Oyster, yenye kasha lililokazwa maji yasipenye. Kwa mtu wa kisiwani hiyo haikuwa anasa. Chumvi ya upepo wa bahari huotesha kutu kwenye skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, na unyevu wa masika huganda nyuma ya kioo.

Ndiyo sababu pwani haikukosa fundi saa. Vifaa vyake vilikuwa vichache: meza ndogo, lenzi ya jichoni, vibanio, brashi, bakuli la petroli la kuoshea mashine, na kikopo kilichojaa saa zilizokufa. Kikopo hicho ndicho kilichokuwa ghala lake. Saa ikija imekatika kamani, hutafutwa maiti yenye kamani inayolingana. Akrabu ikipotea, huazimwa kwa saa nyingine, hata kama si ya jamii moja. Katika miaka ya 1970, bidhaa za nje zilipoadimika Visiwani, kikopo kile kilikuwa na thamani kuliko duka. Saa ilipotoka kwa fundi ikatembea, hakuna aliyemuuliza mwenye nayo ni sehemu ngapi zilizotoka kiwandani siku moja.

Baada ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, bidhaa za Dubai ziliingia kwa wingi, na ndani yake saa za betri na za tarakimu. Misingi ilikuwa imeshawekwa tarehe 25 Disemba 1969, Seiko ya Japani ilipoanza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkononi inayoendeshwa na kioo cha kwatzi. Saa ya bei ndogo ikawa inakwenda sawa kuliko ya tajiri. Fundi akawa mbadilisha betri. Saa ya kutia ufunguo ikabaki kwa wazee, kwenye kisanduku, pamoja na hati ya nyumba na picha za harusi.

Huko Ulaya, Marekani na Japani saa zilezile za kizamani zilianza kutafutwa kama lulu. Tarehe 26 Oktoba 2017, huko New York, saa ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman ilinadiwa kwa dola 17,752,500. Mtu wa mshahara anayependa umbo la saa za miaka ya 1950 na 1960 akaona mlango umefungwa. Hapo ndipo kundi la wapenzi lilipopata kazi mpya: kuunda saa zao wenyewe kwa sura ya zile za zamani.

Vipenzi vyao vinajulikana. Ipo Submariner namba 6538, yenye kitufe kikubwa cha kutilia ufunguo, aliyoivaa Sean Connery katika filamu ya Dr. No mwaka 1962. Zipo zile ambazo Rolex iliwatengenezea wapiga mbizi wa jeshi la majini la Uingereza katika miaka ya 1970, akrabu zake zikiwa na umbo la upanga. Zipo pia Panerai za wapiga mbizi wa Italia, kubwa kama kisosi. Mpenzi hununua kasha kwa huyu, uso wa saa kwa yule, akrabu kwa mwingine, kisha hutafuta mashine. Wengi huchukua NH35 ya Seiko, ambayo kampuni hiyo huwauzia watengenezaji wengine: hupiga mara 21,600 kwa saa, na ikijaa ufunguo hukaa saa 41. Kisha huketi chini ya taa na kuunganisha. Ni kazi ya kikopo cha fundi wetu. Tofauti ni kwamba huyu anafanya kwa kupenda, na yule alifanya kwa sababu meli ya bidhaa haikuja.

Saa ikishatembea, kazi iliyobaki ni kuizeesha. Zamani namba za saa zilipakwa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani, na kuanzia miaka ya 1960 ikatumika tritiamu. Kwa miaka mingi rangi hiyo hugeuka kutoka nyeupe na kuwa ya maziwa, hatimaye ya asali. Basi muundaji huchanganya rangi mpya hadi ifanane na ya asali. Husugua kingo za kasha zipoteze makali. Kuna nyuso nyeusi za zamani ambazo jua kali liliziunguza zikawa za kahawia, nazo wakusanyaji huzigombea na kuzipa sifa ya tropiki. Wako wanaopika uso mpya kwenye joko ili upate rangi hiyo.

Mtu wa Unguja hapa lazima acheke. Miaka yote tumeficha saa zisipigwe na jua, tukazifuta jasho na kuzikinga na chumvi. Kumbe uharibifu tuliokuwa tukiukimbia, wengine wanaulipia.

Ziko saa nyingine zinazotugusa kwa karibu zaidi. Baada ya Sultan Qaboos bin Said kutawala Oman mwaka 1970, alizoea kuwatunukia watu saa za thamani zilizoagizwa kupitia duka la Asprey la London, zenye khanjar, nembo ya Oman, juu ya uso wake. Hilo ni jambia lilelile linaloonekana kiunoni mwa masultani wa Unguja katika picha zao za kale. Miaka ile ya mwanzo ya Qaboos ndiyo Waomani wengi waliotoka Zanzibar walipohamia Muscat, wakiwa na Kiswahili chao. Alama ya jambia ilipoanza kupandisha bei ya saa mnadani, waghushi nao wakaanza kuipiga chapa kwenye nyuso za saa za kawaida. Kwa wenye mfuko mwepesi ipo Seiko 5 SNK063 yenye tarakimu za Kiarabu, inayopendwa na wakusanyaji duniani kote. Kwa mtu aliyesoma chuoni kabla ya skuli, saa hiyo haina ugeni wowote.

Hapo inaonekana mpaka ambao wapenzi wenyewe wanaugombania. Mwenye kuunda saa kwa umbo la mwaka 1957, akaiacha bila jina la kampuni au akaweka jina lake, ametengeneza nakala na hajamdanganya mtu. Mwenye kuandika Rolex kwenye uso alioununua kwa bei ya chakula cha mchana ametengeneza feki, hata kama anasema ni ya kuvaa mwenyewe, kwa kuwa saa hurithiwa na kuuzwa, na anayeinunua kesho hatasikia maelezo ya leo. Saa ya viraka ya fundi wa mjini ni jambo la tatu. Hiyo imebadilishwa sehemu nyingi, lakini mwenyewe ni yuleyule, na haijawahi kuacha kumwamsha alfajiri. Barghash naye hakumdanganya mtu kwa Glasgow yake, maana dunia nzima ilijua aliyeagiza na mfano alioufuata.

Tarehe 25 Disemba 2020, miaka 51 kamili tangu Astron, mnara wa Forodhani uliporomoka. Beit al-Ajaib ilikuwa imeugua muda mrefu. Sehemu ya jengo ilianguka mwaka 2012, makumbusho yaliyokuwamo yakafungwa, na kazi ya ukarabati kwa msaada wa Oman ilikuwa ikiendelea. Mafundi walikuwamo ndani siku hiyo, na wawili kati yao walipoteza maisha. Sehemu kubwa ya upande wa mbele iligeuka kifusi. Serikali ilitangaza kwamba jengo litajengwa upya.

Litajengwaje? Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na katika orodha hiyo neno uhalisi lina uzito. Kwa miaka mingi Wazungu walilifasiri kwa jiwe: jiwe la zamani likitoka, uhalisi umetoka nalo. Mwaka 1994 wataalamu walikutana Nara, Japani, nchi ambayo hekalu la Ise huvunjwa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20 bila mtu kusema si lenyewe. Walikubaliana kwamba kila utamaduni una haki ya kuupima uhalisi kwa vipimo vyake: ufundi, matumizi, mahali, na moyo wa kitu, pamoja na jiwe lake. Mwashi wa Unguja hakuhitaji kwenda Nara. Nyumba ya mawe na boriti huishi kwa kupakwa chokaa kila mara, na boriti ikioza hutolewa ikaingizwa nyingine. Nyumba isiyoguswa ndiyo inayokufa.

Kwa hiyo mnara utakaosimama Forodhani utakuwa nakala ya mnara wa 1897, ambao nao ulikuwa badala ya mnara wa Barghash. Katika hilo hakuna aibu, mradi tufuate adabu ya waundaji saa waaminifu. Uandikwe mwaka wake wenyewe, mtoto akiuliza aambiwe huu ni wa tatu, na majina ya mafundi wawili yawekwe mahali yanaposomeka. Saa yake itembee, iwe na mtu wa kuitia majira. Akrabu ikifika kwenye 9, kinamama wanaokwenda sokoni Darajani waitazame na kuambizana kwamba ni saa tatu, kama walivyofanya bibi zao.

Ila mafundi wasijisumbue kuupaka rangi ya uzee. Hiyo kazi ya jua na chumvi, na hapa kwetu hufanywa bure.